Anza chini, mashine mwisho: kununua boti iliyotumika ya kuvulia maji makubwa

Fundi mmoja mzee wa Tanga, aliyeunda mashua tangu ujana wake, alipiga goti mchangani chini ya chombo nilichokuwa nimeshakipenda. Ilikuwa mashua ya futi 28, rangi ya buluu inang'aa, mstari mweupe ubavuni, mashine ya nguvu za farasi arobaini imening'inia nyuma. Akatoa kisu kidogo cha kukatia chambo, akachomeka ncha yake pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini bila yeye kutumia nguvu. Alipokichomoa, kilitoka na maji meusi yenye harufu ya tope la mikokoni.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa unauziwa rangi."

Nilirudi nyumbani na pesa zangu. Tangu siku ile sijanunua chombo, wala kumsaidia mtu kununua, bila kuanza chini kabisa, pale ambapo muuzaji hana hamu upaangalie. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanaanza na mashine, wanaiwasha, wanasikiliza inavyonguruma, wanapatana bei. Mashine ikiwa mbovu utaitengeneza au utaibadilisha. Mwili ukifunguka usiku, maili 15 kutoka pwani, na watu watano ndani, hakuna fundi wa kumwita. Kwa hiyo hatua zangu zinafuata mpangilio huo: maji, pesa, karatasi, mwili, mashine, kisha bahari yenyewe.

Hatua ya 1: Jua maji yako kabla ya kutafuta boti

Swali la "boti gani nzuri" halina jibu mpaka useme nzuri kwa maji gani. Maji yangu mimi ni Mkondo wa Pemba. Ukitoka Tanga, Moa au Shimoni na kuvuka mwamba, muda si mrefu unaelea juu ya mamia ya mita za maji, na Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara. Maji hayo hayatulii. Mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likikaza nao unakaza. Kaskazi ikiingia, upepo unakabiliana na mkondo uso kwa uso, na hapo mawimbi husimama mafupi, yamekaribiana, vichwa vyake vinavunjika. Boti yenye ubavu mfupi inaweza kufanya kazi nzuri sana ndani ya mwamba kwa mtu wa vibua na dagaa, lakini huko nje inakunywa maji kila dakika.

Kisha jua uvuvi wako. Anayerambaza nguru na jodari, yaani anayekokota mshipi nyuma ya boti, anahitaji chombo kinachoweza kwenda mwendo wa polepole saa nyingi bila kuyumba na bila kumaliza mafuta. Anayeshusha mshipi kwa chewa na changu wa kilindini anahitaji chombo kinachokaa vizuri kikiachiwa, maana muda mwingi mashine imezimwa na mawimbi yanakipiga ubavuni. Mtu wa jarife anahitaji upana na nafasi ya kulaza wavu uliolowa, ambao ni mzito kuliko watu wanavyofikiri. Hakuna boti moja inayofanya yote matatu kwa uzuri uleule, na muuzaji akikuambia ipo, muulize yeye mwenyewe huvua nini nayo.

Kwa ukubwa, ushauri wangu ni huu: kama unakusudia kutoka nje ya mwamba na kulala huko, usishuke chini ya futi 23, na ukiweza fika 28. Angalia kimo cha ubavu kuliko urefu. Fikiria boti ikiwa na watu watano, madumu ya mafuta, barafu na samaki, halafu jiulize ubavu utabaki umbali gani kutoka majini. Barafu peke yake ni mzigo. Kwa joto letu kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu ili ifike sokoni ikiwa na thamani, kwa hiyo ukitegemea kuleta kilo 300, unatoka na kilo 300 nyingine kabla hujavua chochote.

Usidharau suala hili la chombo na maji yake. Meli ya Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, ikavusha abiria miaka mingi katika maji yaliyokingwa na nchi kavu huko jimbo la Washington, kisha ikauzwa ikaletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi hawakurudi kwao. Ile ilikuwa meli ya abiria na hapa tunazungumzia boti za uvuvi, lakini kila ninapoona boti ya starehe imeshushwa kutoka kwenye kontena na mtu anataka kuigeuza ya kuvulia jodari, nauliza kwanza iliundwa kwa maji ya wapi.

Hatua ya 2: Gawa pesa kabla hujaona boti

Ukiwa na shilingi 100, tafuta boti ya shilingi 70. Zile 30 zitakwenda kwenye matengenezo ya mwanzo, usajili, vifaa vya kuokolea, na mafuta ya safari za kwanza ambazo hujui zitaleta nini. Nimeona vijana wenye bidii wakimaliza akiba yote kwenye ununuzi, chombo kikakaa pwani miezi sita kwa kukosa pesa ya propela na kalafati ya kuziba mishono ya mbao, na jua likaendelea kukipasua.

Hesabu mafuta hapohapo, maana ndiyo gharama itakayokula faida yako kila siku. Mashine ya nje ya farasi 40 ya kuchanganya oili, ukiifungulia yote, inakunywa kiasi cha lita 15 hadi 20 za petroli kwa saa. Dizeli ya ndani yenye farasi 20 inaweza kukutosha kwa lita 4 au 5 kwa saa, ila haina haraka. Kama samaki wako wako saa tatu kutoka pwani na hushindani na mtu kuwahi soko, mashua nzito yenye dizeli inaweza kukulipa kuliko faiba yenye mbio. Hili watu hawalipimi kwa sababu mbio zinapendeza macho.

Hatua ya 3: Karatasi

Hii ifanye mapema ili usipoteze nauli kwenda kukagua chombo kisichouzika. Taka kuona cheti cha usajili chenye jina la anayekuuzia. Tanzania Bara vyombo vinasajiliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya na Kenya Maritime Authority. Linganisha namba iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye chombo, na namba ya mashine na risiti yake. Namba ya mashine iliyokwanguliwa ni sababu ya kuaga na kuondoka, hata bei iwe nzuri namna gani.

Nenda pia kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, cha ufukwe ambao chombo kinaegeshwa. Wao wanajua kama kuna mgogoro wa ndugu juu ya urithi, kama chombo kiliwahi kukamatwa, na kama bado kina deni. Siku hizi boti nyingi na mashine zimetolewa kwa mkopo, ama wa benki ama wa mradi. Boti yenye mkopo si ya anayekuuzia mpaka aliyekopesha aseme kwa maandishi kwamba amelipwa.

Uliza na leseni. Maili 12 za kwanza zina utaratibu wake wa uvuvi, na kuanzia hapo hadi maili 200 ni Ukanda wa Kiuchumi wa Bahari, ambao kwa Tanzania unasimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Fumba, Zanzibar. Ofisi ya uvuvi ya wilaya itakuelekeza chombo cha ukubwa wako kinaangukia wapi.

Hatua ya 4: Kikague kikiwa kikavu

Pwani yetu ina bahati. Wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo huna haja ya kulipia chelezo, yaani mahali pa kupandishia vyombo, ili uone chini ya chombo. Panga siku ya kukagua iwe siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mwambie mwenyewe akilaze mchangani maji yakiwa yamejaa, na wewe uwepo pale maji yanapoanza kutoka. Hiyo saa ya kwanza ina habari nyingi. Chombo kilichokuwa na maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kitaanza kuyatema kupitia mahali kinapovuja. Chukua chaki, zungushia duara kila panapotiririka. Kama ngama ni kavu, omba ruhusa umwage ndoo kadhaa ndani, kisha uzunguke nje na macho.

Kwa chombo cha mbao kuna tahadhari. Mashua iliyokaa juani wiki kadhaa itavuja kwa sababu mbao zimesinyaa. Hilo si kosa lake. Iache majini siku moja au mbili mbao zinywe maji zivimbe, ndipo upime. Ikiendelea kuvuja siku ya tatu, hiyo ina ugonjwa.

Sasa chukua kisu na nyundo ndogo, uanzie mkukuni. Chomeka ncha kila baada ya shubiri, hasa kwenye maungio: mkuku na ubao wa kwanza, mkuku na hanamu (mti wa mbele), mkuku na fashini (mti wa nyuma). Mvule au mkongo mzima utaikataa ncha ya kisu. Kisu kikizama, papime pana kiasi gani. Kipande cha ubao kilichooza kinaweza kukatwa na kuwekwa kiraka, na si sababu ya kukimbia. Mkuku uliooza ni sababu ya kukimbia. Kuubadilisha ni karibu sawa na kuunda chombo upya.

Gonga mbao kwa nyundo ukienda nazo toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Sauti ya ubao mzima ni kavu na inarudi mkononi. Ubao ulioliwa na wadudu wa baharini unatoa sauti ya debe lenye maji. Wadudu hao ni wajanja: kwa nje wanaacha tundu dogo la kichwa cha pini, kwa ndani wametoboa mifereji ya upana wa kidole. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipandisha chombo, wakikipiga moto kwa makuti makavu, kisha wakipaka shahamu na chokaa. Muulize mwenyewe mara ya mwisho alikipandisha lini na alipaka nini. Anayejali chombo atakujibu bila kufikiri. Anayesitasita amekiacha majini mwaka mzima.

Angalia misumari. Ukiona machozi ya kutu yameteremka chini ya kila kichwa cha msumari, msumari wenyewe ndani umeshakonda, na mbao zinashikwa na mazoea tu. Vuta kalafati kidogo kwenye mshono mmoja au miwili. Pamba yenye mafuta, iliyokazwa, ni dalili ya fundi mwaminifu. Ukikuta simenti, vipande vya mpira au tabaka la rangi limejazwa mshononi, hiyo imefichwa ili iuzwe.

Ndani, inua mbao za kukanyagia uione ngama yenyewe. Mataruma, zile mbavu za chombo, yawe mazima, hasa kwenye vichwa vyake vya chini ambako maji ya mvua hukaa. Tunaogopa maji ya bahari, lakini maji ya mvua ndiyo yanayoozesha chombo kwa ndani, na chombo kisichofunikwa msimu wa masika huozea ndani huku nje kikionekana kijana.

Hatua ya 5: Ikiwa ni faiba, tazama nyuma kwanza

Kwa mbao niliokolewa na kisu cha mzee. Kwa faiba nilijifunza kwa kuumia, na ningependa wewe usipitie huko.

Niliinunua boti ya faiba ya futi 23 kutoka kwa mtu ambaye sina haja ya kumtaja. Chini ilikuwa safi, haina ufa wa kutisha, mashine inawaka kwa mvuto mmoja. Mwezi wa tatu tulikuwa maili 12 nje, kaskazi imechangamka, kijana aliyekaa usukani akaniita: "Kaka, mbona mashine inalala?" Nikageuka. Mashine ilikuwa imeinama kwenda nyuma kuliko kawaida, na kila wimbi likiinua tezi, ufa mwembamba ulikuwa unafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki, kwenye pembe ambapo kibao cha nyuma kinachobeba mashine kinaungana na ubavu. Tulizima. Tukaifunga mashine kwa kamba mbili mpaka kwenye kiti cha katikati, tukaiwasha tena kwa mwendo wa chini kabisa, wawili wakawa wanachota maji na kuyamwaga nje, tukarudi saa nne nzima. Hatukuzungumza sana njiani.

Fundi alipokifungua kile kibao, plaiwudi iliyokuwa katikati ya tabaka mbili za faiba ilikuwa kama machicha ya nazi yaliyolowa. Unaichota kwa kijiko. Maji yalikuwa yameingia kupitia matundu ya bolti za mashine, ambazo aliyezifunga hakuziba kwa gundi ya kuzuia maji, yakaiozesha kidogokidogo kwa miaka huku nje rangi inapendeza.

Kwa hiyo kwenye faiba fanya hivi. Inua mashine ilale, shika mguu wake kwa mikono miwili, usukume chini na kuachia, mara kadhaa, na mwenzako aangalie kibao cha nyuma kwa karibu. Kisicheze hata kidogo. Gonga kibao chote kwa mpini wa bisibisi: sauti ya ko! ko! ni nzuri, sauti nzito isiyorudi ni mbaya. Tazama washa za bolti kama zimezama ndani ya faiba, maana yake ubao wa ndani umelainika. Na kama muuzaji ni mkweli atakubali ufungue bolti moja ya chini. Yakitoka maji ya kahawia, una jibu lako. Kibao cha nyuma kinaweza kujengwa upya na fundi mzuri, kwa hiyo si lazima uikatae boti, lakini bei lazima ishuke kwa gharama yote ya kazi hiyo.

Baada ya hapo, tembea juu ya sakafu kwa miguu mitupu. Mahali panapobonyea kama godoro, mbao za urefu zilizo chini ya sakafu zimeoza au zimeachana na mwili. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi ya juu ni za kawaida kwa boti ya miaka. Ufa unaofuata mstari, au unaoonekana nje na ndani mahali palepale, ni wa mwili wenyewe. Chini ya maji tafuta malengelenge. Machache madogo yanatibika kwa kukwangua, kukausha na kupaka epoksi, lakini yakiwa mamia, maji yameshaingia kwenye nyuzi.

Boti nyingi za faiba zina povu lililojazwa ndani ili zielee hata zikijaa maji. Povu hilo likinywa maji linageuka mzigo uliofichwa. Dalili yake ni boti kukaa chini zaidi majini kuliko mstari wake wa zamani, au kuinama upande mmoja ikiwa tupu. Kama watu sita wa kawaida wanaoisukuma siku zote sasa hawatoshi, uliza kwa nini.

Hatua ya 6: Mashine

Ukifika kukagua, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya mashine. Ikiwa ya moto, ilishawashwa asubuhi ili ikubali haraka mbele yako. Omba muisubiri ipoe. Mashine inayosumbua ikiwa baridi itakusumbua alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yako ya kazi.

Kwa mashine ya nje, fungua plagi zote uziangalie. Zinapaswa kufanana, rangi ya kahawia. Moja ikiwa nyeusi na imelowa na nyingine kavu nyeupe, silinda hazifanyi kazi sawa. Mwombe fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na uende na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Ikishawaka, tazama mkojo wa maji ya kupoza unaotoka nyuma: uwe na nguvu na usikatike. Ukiwa dhaifu huenda ni impela tu, kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, kitu cha bei ndogo, lakini uliza imekwenda hivyo muda gani, maana mashine iliyowahi kuchemka haina siri nzuri. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi uone oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Uliza pia wamekuwa wakichanganya nini. Mashine nyingi za kuchanganya zinataka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, ile oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wapo waliozoea kupunguza oili ili kuokoa pesa, au kuongeza mafuta ya taa kwenye mashine isiyoundwa kwa hayo. Chungulia dumu la mafuta lililopo botini, linusie. Litasema kabla ya mwenyewe hajasema.

Dizeli ya ndani isome kwa moshi. Mweusi usioisha ni mzigo mkubwa au mafuta yasiyoungua vizuri, wa buluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma baada ya mashine kupata moto unaweza kuwa maji ndani ya silinda. Angalia vitanda vya mbao inapokalia mashine na bolti zake, kisha pale shafti inapotoka nje: matone machache ni ya kawaida, mtiririko si wa kawaida.

Kuhusu jina la mashine, mimi nina upande. Chukua ile ambayo vipuri vyake vinapatikana kwenye duka la mji wako na ambayo fundi wa ufukweni kwako anaifungua akiwa amefumba macho. Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu hiyo ni Yamaha. Mashine nzuri zaidi isiyo na impela madukani itakulaza pwani wiki tatu katikati ya msimu wa jodari.

Hatua ya 7: Ipeleke baharini, na ubebe mzigo

Majaribio ya dakika kumi kwenye maji ya bandari hayakufundishi kitu. Mwambie muuzaji utalipia mafuta, na mtoke nje ya mwamba siku yenye upepo wa kiasi. Beba watu wanne au watano, au mifuko ya mchanga ya uzito huohuo. Boti tupu zote hukimbia.

Huko nje, endesha mwendo wa kazi kwa nusu saa nzima bila kupunguza. Kata kona kulia na kushoto. Kabili mawimbi, kisha geuka mawimbi yakusukume kutoka nyuma, maana hapo ndipo boti mbaya huonyesha tabia: inataka kugeuka yenyewe, na omo yake inachimba. Halafu zima mashine, iache ikae ubavu kwa mawimbi robo saa, kama utakavyokaa na mshipi. Simameni watatu upande mmoja kama mnavyofanya samaki mkubwa akifika. Chombo kizuri kinalala kidogo, kinakataa, kinarudi. Kinachoendelea kulala, rudi nacho pwani polepole na usikinunue.

Kabla ya kurudi, inua mbao uangalie ngama. Ilikuwa kavu mlipotoka, sasa ina maji kiasi gani? Onja. Maji ya chumvi yamepenya kutoka nje.

Hatua ya 8: Vilivyomo, bei, na wiki ya kwanza

Hesabu vinavyokuja na chombo na uviandike: nanga na amari (kamba ya nanga) ya kutosha kwa kina chako, makasia au tanga la akiba, pampu pamoja na ndoo, dira, taa. Jaketi za kuokolea nunua mpya, moja kwa kila mtu, usikubali zile zilizopauka ambazo povu lake limekuwa unga. Simu haifiki maili 15, kwa hiyo weka bajeti ya redio ya VHF isiyopitisha maji, na wafundishe wote botini kuita kwenye chaneli 16. GPS ndogo ya mkononi ni msaada mkubwa, lakini dira haina betri ya kwisha.

Kwenye bei, usimtukanie mtu chombo chake. Weka mezani orodha ya ulivyoviona na gharama ya kila kimoja kama fundi wako alivyokadiria, halafu mzungumze. Muuzaji muungwana atapunguza au atatengeneza kwanza. Mkikubaliana, andikeni: namba ya chombo, namba ya mashine, vifaa vyote, kiasi kilicholipwa. Mashahidi wawili wa kila upande, na mwenyekiti wa BMU au, kwa Zanzibar, sheha. Bakiza sehemu ya malipo mpaka jina libadilike kwenye usajili.

Wiki ya kwanza badilisha impela, plagi, oili ya giaboksi, bomba la mafuta na chujio lake, hata kama vilivyopo vinaonekana vizima. Huvijui umri wake. Zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mashine, zilizoisha weka mpya. Suuza mashine kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, kuanzia siku ya kwanza. Safari tatu za mwanzo kaa ndani ya macho ya pwani, mkiwa na boti nyingine ya jirani karibu, na mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, moja la kutoguswa. Ukishajua inakunywa lita ngapi kwa saa ikiwa na mzigo, andika kwa rangi pembeni ya tangi ili kila atakayeshika usukani aione.